Mmoja Wao Alikuwa Mrefu

Mimi ni mkali. Muulize mtu yeyote hapa kijijini, kuanzia barabara ya kwenda Ifakara mpaka mashamba ya bondeni, atakwambia Valeriani ana mdomo. Nikiwa nafundisha kwaya pale kigangoni, anayekosea sauti namfokea mpaka anasahau wimbo wenyewe. Fundi aliyekuwa ananijengea choo alitupa mwiko akaenda zake kwa sababu ya mdomo wangu. Mke wangu Agnella husema mume wake akikohoa, hata kuku wanahama kivuli. Basi huyo mkali ndiye ninayetaka kukusimulia habari zake. Usicheke mapema, kicheko utakihitaji mbele.

Ilikuwa mwezi wa tano, mpunga umeshaanza kuinama. Sisi tuliopakana mashamba tulikuwa tumepangiana zamu za kulinda ndege. Anayelinda anakaa kwenye dungu, kile kibanda tunachokijenga juu ya nguzo katikati ya mashamba, ana debe lake na kombeo, na analinda mashamba yote manne, si la kwake tu. Siku hiyo zamu ilikuwa yangu. Jirani yangu Yosefina, mjane, alikuwa amekwenda hospitali Ifakara kupimwa macho. Alipopita pale chini aliniambia, "Baba, nakuachia mpunga wangu." Nikamjibu, "Nenda salama, mimi nipo."

Saa nane mchana ng'ombe watano walitoka kwenye matete wakaingia shambani kwa Yosefina. Hawakuwa na mchungaji. Narudia, maana aibu yangu yote ipo hapo: hawakuwa na mchungaji hata mmoja. Walikuwa ng'ombe wa bibi Kabula, yule mama wa Kisukuma mwenye boma karibu na mfereji. Niliwatambua kwa yule jike mwenye pembe iliyopinda. Wakaanza kula taratibu, mkia huku, mkia kule. Kazi yangu ilikuwa kushuka ngazi, kuokota fimbo na kupiga kelele. Basi. Mtoto wa darasa la pili angeweza.

Mimi naogopa ng'ombe. Haya, nimelisema. Nikiwa na miaka minane, kule Kiberege nilikozaliwa, maksai mmoja alinibana kwenye ukuta wa ghala mpaka pumzi ikanikata, na tangu hapo nikimwona ng'ombe magoti yananilegea. Miaka arobaini na tatu nimeuficha woga huo. Nikikutana na kundi njiani najifanya nafunga kamba ya kiatu hadi lipite, na nimewahi kufunga kamba nikiwa nimevaa ndala. Siku hiyo nililipakata lile debe, nikaogopa hata kuligonga, nikidhani wakishtuka watakuja kuzigonga nguzo za dungu. Sauti yangu ya besi, ile inayotingisha mabati ya kigango, ikanikauka. Nilikaa pale juu saa nzima nikiangalia mpunga wa mjane unaliwa. Waliposhiba wakaondoka wenyewe.

Ningesema ukweli jioni ile ile, ningechekwa wiki moja yakaisha. Lakini Yosefina alirudi, akasimama mbele ya shamba lake na bandeji jichoni, akashika kichwa. Watu wakakusanyika. Mwenyekiti wetu, Barnaba, akaja na pikipiki. Akaniuliza, "Valeriani, wewe ulikuwa zamu. Imekuwaje?" Macho yote yakanigeukia. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Walikuja na vijana wanne. Wana mapanga. Wakaniambia nikishuka tu, wananikata."

Loo! Uongo ukishatoka unadai nguo. Barnaba akauliza walikuwa vijana gani, nikasema sikuwatambua, walijifunga vitambaa usoni. Akauliza kama Obed alikuwemo, mjukuu wa bibi Kabula anayechunga wale ng'ombe. Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Neno moja tu. Nikatazama chini, nikasema, "Mmoja wao alikuwa mrefu."

Kijijini kwetu mrefu ni Obed. Akiingia mlangoni anainama, akipanda baiskeli magoti yanagonga usukani. Sikumtaja jina, na nilijisifu moyoni kwamba sikumtaja jina. Ndivyo nilivyo mwanamume mimi. Yosefina akanishika mkono akasema, "Pole baba, wangekuumiza kwa ajili ya mpunga wangu." Nilitamani ardhi ipasuke.

Kesho yake ikaamuliwa: mavuno yakiisha kutakuwa na kikao cha wote, mimi nitarudia maelezo yangu mbele ya watu, na ikithibitika kwamba boma la bibi Kabula lilituma vijana kulisha mpunga kwa nguvu, ng'ombe wake watatoka kijijini. Ilibaki kama wiki tano. Obed alisema siku ile alikwenda Ifakara kununua dawa ya kupe, akakuta duka limefungwa, akarudi mikono mitupu. Gogo la mlango wa zizi alikuta limeliwa na mchwa, limeanguka. Nani angemwamini? Mwalimu wa kwaya ameshasema.

Siku ya tatu, asubuhi, nikasikia mkokoteni unasimama nje. Bibi Kabula huyo, amekuja na maksai wawili, mkononi ana kibuyu cha maziwa mgando. Ni mama wa miaka sitini na zaidi, mwembamba, hana haraka. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba mwanangu," halafu akanipigia goti. Mimi! Akasema, "Nimekuja kukuomba radhi. Sikumlea mjukuu wangu ashike panga. Mtu mzima kama wewe, mtu wa kanisa, huwezi kusema jambo ambalo halipo."

Ningesema hapo. Nilifungua mdomo. Lakini maksai mmoja akatikisa kichwa kufukuza nzi, na mimi nikaruka nyuma ya pipa la maji, mbele ya mke wangu, mbele ya mgeni. Bibi Kabula akanitazama. "Kumbe unaogopa ng'ombe, mwalimu?"

Nikamjibu, "Ni tangu siku ile, mama. Zamani sikuwa hivi."

Yaani juu ya uongo nikabandika uongo mwingine. Agnella, aliyeniona miaka ishirini nikifunga kamba za ndala, akaingia ndani. Bibi Kabula machozi yakamlenga. "Basi woga huo ni deni la nyumba yangu," akasema. "Njoo bomani kila asubuhi, kukishapambazuka. Mimi nitakutoa huo woga kidogo kidogo. Usiponiruhusu hilo, sitalala."

Nilikwenda. Utaniuliza kwa nini. Nilikuwa nimejipigia hesabu ya kijinga: siwezi kusimama mbele ya watu nikasema mimi mwoga huku bado ni mwoga. Lakini nikishaacha kuwaogopa ng'ombe, nitasema "zamani nilikuwa naogopa" kama mtu anayesimulia ugonjwa aliopona. Niupate ujasiri kwanza, ukweli utafuata. Ndivyo nilivyojidanganya.

Siku ya kwanza alinisimamisha hatua ishirini kutoka zizini. "Simama hapo. Vuta pumzi kumi. Ukimaliza nenda nyumbani." Nikasema, "Hivyo tu?" Akasema, "Hivyo tu. Kesho hatua kumi na tisa." Nikamwona ananichezea. Nilivuta pumzi kumi, ya saba nikaona giza. Siku ya nne nilikuwa hatua kumi na saba, jasho linanitoka kwenye ubaridi wa asubuhi. Nilijikaza kisabuni. Siku nyingine niliamka nikajiambia naumwa tumbo, Agnella akanivuta shuka. "Nenda," akasema. "Ulilolianzisha, lifikishe mwisho." Macho yake nilishindwa kuyaangalia.

Obed alikuwepo zile siku za mwanzo. Aliniamkia kila asubuhi, "Shikamoo mwalimu," bila kuinua macho, akaendelea kuzoa samadi. Siku ya tisa bibi yake alipoingia ndani kuchukua kibuyu, alinisogelea. Alikuwa amejikunja, mrefu vile, kama anaomba ruhusa ya kuwepo. Akasema polepole, "Mwalimu, siku ile mimi nilikuwa Ifakara. Wewe unajua hukuniona."

Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningepata pa kushika. Nilichofanya ni kile ninachokijua, nikamfokea. "Unamwita nani mwongo? Mtoto mdogo huna adabu!" Sauti ya besi, ile iliyokauka siku ya ng'ombe, sasa ilitoka yote. Ng'ombe wenyewe walishtuka. Obed akarudi kwenye samadi yake.

Niliendelea. Siku ya ishirini niligusa mgongo wa yule jike wa pembe iliyopinda. Bibi Kabula alikuwa amenifundisha: usimwendee kwa nyuma, mwite kwanza akujue uko wapi, weka kiganja chote, usimguse kwa ncha ya kidole kama mwizi. Ngozi yake ilikuwa ya moto, ikatetemeka kidogo kisha ikatulia. Nilicheka peke yangu kama chizi. Nilimgeukia bibi Kabula anisifu, nikakuta anafuta uso kwa khanga.

"Obed ameondoka," akasema. "Jana. Nilimwambia anitajie wale watatu aliokuwa nao, au aondoke mbele yangu. Akasema hana wa kumtaja. Nikamwambia basi, kwa kuwa unamfanya mzee wa watu mwongo, toka. Akabeba begi lake. Simu ameizima."

Mkono wangu ulikuwa bado uko juu ya ng'ombe. Nikauacha pale pale. Neno lilikuwa limefika kwenye meno, haki ya Mungu lilifika, nikalimeza. Nikasema, "Pole mama." Huyu mama alimlea Obed tangu ana miaka mitatu, wazazi wamekufa wote, na mimi nikasema pole mama, nikaenda nyumbani nikanywa chai na kiporo cha wali.

Bibi Kabula sasa alikuwa amenipa kazi ya kung'oa kupe, na tangu siku hiyo nikaongeza zoezi langu mwenyewe. Bibi Kabula akiingia ndani, namsogelea yule jike, naweka mdomo karibu na sikio lake, nasema, "Hawakuwepo vijana." Kwa kunong'ona. Kesho yake naongeza, "Hawakuwepo vijana, niliogopa." Sikio linapigapiga, linanipiga usoni. Keshokutwa nasema kwa sauti kidogo zaidi. Kila siku neno moja zaidi, pumzi moja ndefu zaidi. Siku ya thelathini na moja nilishika pembe zote mbili za dume kubwa la boma, nikaliangalia machoni, magoti yangu yametulia. Nikasikia mlango wa nyumba unalia, bibi Kabula anatoka, nikafyata mkia mara moja. "Umeng'oa kupe wangapi leo?" akaniuliza. Nikasema saba. Hapo ndipo nilipojua kwamba ng'ombe sikuwa nawaogopa tena, na kwamba hilo halikunisaidia chochote. Nilikuwa nimejifunza somo la pembeni.

Kikao kilikuwa Jumamosi, saa nne, pale nje ya ofisi ya kijiji, chini ya turubai. Watu walijaa. Wakulima upande huu, wafugaji upande ule, hakuna aliyepanga iwe hivyo. Kwaya yangu yote ilikuwepo, wamekaa mstari wa mbele ili wamsikie mwalimu wao. Bibi Kabula alikuwa peke yake kwenye kiti cha plastiki. Barnaba akasema, "Valeriani, simama, turudie uliyoyaona."

Nikasimama. Nikavuta pumzi kumi, nikizihesabu. Watu wakadhani napanga maneno. Ya saba giza likaja kama siku ya kwanza. Ya kumi nikasema, "Hawakuwepo vijana."

Barnaba akasema, "Hatukusikia."

"Hawakuwepo vijana!" Sasa ilitoka yote, mabati ya ofisi yakaitika. "Walikuwa ng'ombe watano peke yao. Mimi nilikuwa kwenye dungu. Niliogopa kushuka. Naogopa ng'ombe tangu utoto. Mapanga nilitunga, vitambaa nilitunga."

Mtu mmoja nyuma akaguna, mwingine akapasuka, kicheko kikazagaa turubai zima, wakulima na wafugaji pamoja. Ndiyo maana nilikwambia usicheke mapema. Msichana mmoja wa sauti ya kwanza, niliyewahi kumtoa kwaya akilia, alicheka hadi akajifunika uso kwa kitenge. Nilisimama nikakipokea. Kicheko hakikuniuma sana. Kilichoniuma ni Yosefina, aliyesimama taratibu, akangoja watu wanyamaze.

"Baba," akasema. "Hata kupiga kelele?"

"Hata kupiga kelele."

"Debe ulikuwa nalo?"

"Nilikuwa nalo."

Akakaa. Hajaniambia kingine mpaka leo.

Barnaba akauliza, "Na yule mrefu?"

"Hakukuwa na mrefu," nikasema. "Nililisema neno lile nikijua mtamfikiria nani."

Ikatangazwa kwamba ng'ombe wa bibi Kabula hawaondoki. Kosa la mpunga wa Yosefina wakaligawa, boma kwa gogo la mlango lililoanguka, mimi kwa zamu yangu, na kila mmoja akaambiwa atamlipa magunia mangapi. Sikusikiliza. Nilikuwa namwangalia bibi Kabula. Alikuwa ametoa simu yake ndogo ya batani, ameiweka sikioni. Akashusha, akabonyeza tena, akaweka sikioni. Mara ya tatu akasimama, akanijia mbele ya watu wote, akanipa ile simu. Nikaiweka sikioni. Yule dada wa mtandao alikuwa anasema namba haipatikani kwa sasa.

"Nilimfukuza mwanangu kwa neno lako," bibi Kabula akasema. Hakupaza sauti. "Kila asubuhi nilikushika mkono nikakupeleka kwa ng'ombe, na ulikuwa unajua. Wewe utampigia. Utakuja saa ile ile, utasimama pale pale zizini, utapiga mbele yangu, mpaka apokee. Usipokuja siku moja, usije tena."

Basi nikaanza upya. Kukishapambazuka niko bomani. Naamkia, "Shikamoo mama," haniitikii. Yule jike wa pembe iliyopinda ananisogelea mwenyewe sasa, analamba chumvi ya jasho mkononi kwangu, na sina woga naye hata chembe. Nachukua simu ya bibi Kabula, nabonyeza, nasikiliza, haipatikani, narudisha simu, naondoka. Haniambii pole, haniambii karibu tena kesho. Njiani wapo wanaopiga debe nikipita, ti, ti, ti, halafu wanaangalia pembeni. Zamani ningewafokea. Sasa nawasalimia, wengine wanajibu. Kwaya nimewaachia wenzangu, naimba nyuma na besi wengine.

Nikuambie kitu ambacho sijamwambia hata Agnella. Siku zote hizo, kila nikibonyeza ile namba, nilikuwa naomba isiite. Naomba kabisa, kimoyomoyo, ee Mungu leo pia isipatikane. Kusimama mbele ya kijiji kizima nilikuwa nimeshamaliza. Mtu mmoja tu ndiye aliyebaki, na huyo ndiye niliyemwogopa kuliko dume la boma. Nilijichukia kwa maombi hayo, nikayarudia kesho yake.

Leo asubuhi, siku ya arobaini na moja, imeita.

Bibi Kabula aliisikia, akaacha kukamua. Nikashika mti wa zizi. Ikaita mara nne, ya tano ikapokelewa, na kwa kuwa namba ilikuwa ya bibi yake, sauti ya Obed ikasema kwa furaha yote, "Shikamoo bibi!"

Nilivuta pumzi. Moja tu, nyingine hazikuwepo.

"Si bibi," nikasema. "Ni mimi Valeriani. Ulikuwa Ifakara siku ile, na mimi nilijua sikukuona."

Nikamsikia anapumua. Nikangoja akate. Hakukata, na mimi nikaanza kumweleza tangu mwanzo, kwa sauti ile ile ya kanisani, ili bibi yake naye asikie.